Simu ya Saa Nne

Siku Ndirangu alipofariki, simu ya hoteli iliita saa nne asubuhi. Ilikuwa saa yake. Alikuwa amelazwa kwa malaria, lakini aliniahidi kwamba hata kutoka wodini angepiga. Nikatabasamu kabla sijaiinua, nikasema polepole, kama alivyopenda kunisikia:

— Good morning. Thank you for calling.

Aliyejibu alikuwa muuguzi.

Tulijuana mwaka 1983, hapo hapo hotelini Malindi. Mimi Mgiriama wa Ganze nikitandika vitanda, yeye Mkikuyu wa Nyeri akibeba mizigo ya wageni. Tulikuwa tumeshaanza kuzungumza mambo ya ndoa meneja alipotangaza kwamba anatafuta mpokea simu, mtu ambaye Kiingereza chake kinasikika vizuri. Tukaiomba kazi hiyo sote wawili.

Kila mchana tulikaa nyuma ya chumba cha dobi na kipande cha kioo. Mimi ilinishinda th. Yeye l na r zilimchanganya.

— Toa ncha ya ulimi, Kahonzi. Kama unamwita mjomba wangu, Thuku.

— Nimtolee mjomba wako ulimi?

— Mtolee. Ameshazoea.

Nami nilimshika kidevu nikamwonyesha mahali ulimi unapogusa, nyuma ya meno ya juu. Alirudia hello mpaka wapishi wakawa wanamwitikia kutoka jikoni. Sijaona mtu mwingine aliyechekwa vile na bado akaendelea.

Nikachaguliwa mimi. Jikoni wakanong'ona kwamba ameniachia makusudi. Nikamwendea.

— Uliniachia?

— Hapana. Kazi umeipata kwa ulimi wako.

— Sitaolewa na mtu aliyenihurumia, Ndirangu.

— Basi usiolewe naye. Mimi nilitaka kukushinda.

Sikumwamini. Nikaacha kumsemesha. Mwishowe nikaenda kwa mzee Garama wa mapokezi, aliyetusikiliza sote siku ya mtihani.

— Shikamoo, mzee. Ndirangu alijiangusha?

— Marahaba, mwanangu. Yule?

Akacheka mpaka akavua miwani.

— Yule aliomba kurudia. Nikamruhusu. Akaomba tena. Meneja alimtoa nje bado anasema hello.

Nilirudi nyuma ya chumba cha dobi. Nikamkuta Ndirangu na kioo chetu mkononi, midomo ikicheza, ingawa kazi ilikuwa imeshapata mtu.

— Sasa unajifunzia nini?

— Mke wangu atapokea simu. Nikimpigia, nataka anielewe.

Tulioana Desemba ile. Tangu hapo, kila siku ya kazi alipotumwa posta kuchukua barua za hoteli, alitia sarafu kwenye simu ya pale.

— Hello, alisema, na l yake imenyooka.

Nami nikamshukuru kwa kupiga. Hakuwa na neno zaidi. Alikata akarudi kwenye mizigo yake.

Bado napokea simu pale hotelini. Saa nne ikiita, mara nyingi ni wageni wanaoulizia vyumba.