Nyumba ya Mapazia Sita

Kila siku akitoka shule, Kiulizo alivua sare, akanywa maji, kisha akapita kibandani kwa mama yake kuchukua mzigo. Mama alikuwa fundi cherehani, na wateja wake wengi walikuwa wapangaji. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliwapelekea nguo zao mlango kwa mlango, na kote alikopita aliuliza maswali. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kiulizo. Jina lake la kweli lilibaki kwenye daftari la mwalimu tu.

Jumatano moja alimkuta mama amefunika cherehani mapema. Kando yake alisimama dalali wa nyumba, kijana mwenye viatu vinavyong'aa na ulimi laini kama sabuni.

"Twende ukaone mali yako, mama mwenye nyumba," dalali alisema.

Mama alicheka kwa haya. Alikuwa ameweka akiba miaka kumi na moja kwa jambo moja tu: vyumba vya kupangisha, ili siku macho yake yakishindwa kutunga uzi, kodi iwalishe. Kiulizo naye alikuwa ameshamtambia mwenzake wa dawatini kwamba wiki ijayo atakuwa binti wa mwenye nyumba.

Nyumba yenyewe ilipendeza. Ua ulikuwa umefagiliwa, vyumba sita vimepangana, kila mlango na pazia la maua, na chini ya kila pazia jozi ya ndala.

"Wapangaji wako kazini," dalali alieleza kabla hajaulizwa. "Vyumba vyote vimejaa. Sasa sikia, dada yangu. Kesho saa nne anakuja mteja mwingine na pesa mkononi. Wewe niletee malipo ya awali saa tatu, nimfungie mlango."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Kiulizo alikuwa akitazama kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa tupu, na zile ndala zilikuwa na vumbi.

"Mjomba, naomba kuuliza," alianza.

"Watoto wa siku hizi," dalali alimkatiza, "wakubwa wakiongea, wao wamo katikati kama nzi."

Mama akamkata jicho. Kiulizo alilibeba swali lake hadi wakati wa chakula cha jioni.

"Mama, ile nyumba haina watu."

"Hukuyaona mapazia?"

"Mapazia niliyaona. Watu ndio sikuwaona. Tangu lini wapangaji wa vyumba sita wakakaa bila kugombania kamba? Mimi naingia kwenye nyumba zao kila siku. Twende kesho saa kumi na mbili asubuhi, saa ya foleni ya choo. Kama wapo, tutawakuta wamejipanga na ndoo zao."

"Na kama wapo?"

"Nitaosha vyombo mwezi mzima."

"Vyombo si unaosha kila siku?"

"Basi nitaosha bila kununa."

Kulipopambazuka walikuwa uani. Nyumba za jirani zilikuwa na kelele za redio, ndoo na watoto. Hii ilikuwa kimya. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa kwa kufuli lenye kutu. Mama alisogeza pazia moja, akachungulia kwenye ufa wa mlango. Chumba kilikuwa kitupu, hata mkeka hakikuwa nao.

Ng'ambo ya njia, bibi mmoja muuza mkaa alikuwa akipanga makopo yake. Mama akamwamkia na kumuuliza habari za nyumba ile.

"Hapo hapakai mtu tangu mvua za mwaka jana, mwanangu," bibi alisema. "Shimo la choo lilijaa, maji machafu yakarudi uani. Wapangaji walihama wiki moja wote. Hayo mapazia yaliletwa juzi na yule kijana wa viatu vya kung'aa. Mimi nikadhani anafungua duka."

Kiulizo alimtazama mama yake akitegemea kuona machozi. Mama alifunga vizuri kitambaa chake, akauliza, "Mwenyewe anakaa wapi?"

Mwenye nyumba alikuwa dereva mstaafu, na aliwapokea kwa chai. Alipotajiwa mapazia alikunja uso. "Hiyo ni akili ya dalali. Ila la shimo nalijua. Niliomba tu asitokee mtu wa kuuliza."

"Basi amepatikana," mama alisema, "na hajamaliza. Hati ina jina la nani? Kuna ndugu anayedai sehemu? Shimo jipya litachimbwa wapi?"

Mzee alijibu moja baada ya jingine, akatoa hati. Mama aliipeleka ofisi ya ardhi ikahakikiwe, kisha akamleta kaka yake, fundi mwashi, akague msingi na paa. Iliwachukua wiki tatu. Yule mteja wa saa nne hakuonekana siku yoyote, saa yoyote. Mwishowe mzee alipunguza bei kwa gharama ya shimo, wakatia saini mbele ya wakili. Dalali hakuitwa.

Shimo jipya lilipokamilika, mpangaji wa kwanza akaja, muuguzi aliyebeba mtoto mgongoni. Mama alikuwa anapima dirisha ili ashone pazia, kwa hiyo Kiulizo ndiye aliyemtembeza.

"Choo hakisumbui?" muuguzi aliuliza.

Jibu fupi lilimjia Kiulizo mdomoni. Akalimeza.

"Kilisumbua. Shimo la zamani lilijaa, maji yakarudi hadi hapa tuliposimama. Tumelifukia, tumechimba jingine kule. Njoo ulione."

Muuguzi alikwenda kuliangalia, akainama, akalizunguka mara mbili.

Mama alimvuta Kiulizo pembeni. "Siku ile nilikukata jicho, nikidhani unanitia aibu. Nilikosea. Kuuliza kwa heshima si utovu wa adabu, mwanangu, na anayekuharakisha ulipe kabla hujauliza ana jambo analificha. Leo sisi ndio wenye nyumba. Yule dada ana haki ya kuambiwa ukweli kama sisi tulivyokuwa nayo."

"Na akighairi?"

"Aghairi akiwa anajua."

Muuguzi alikuwa anarudi, amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu. "Nina maswali mengine manne," alisema.

"Karibu tukae, dada," Kiulizo alimjibu, akamvutia kigoda. "Anza na lile gumu."