Upawa wa Maji ya Pweza

Huwaida alimwinua pweza kwa mikono miwili juu ya kichwa, akambwaga jiweni. Maji ya chumvi yakamrukia usoni. Akambwaga tena na tena, mpaka povu likatoka na mikono ya pweza ikalegea. Pweza asiyepigwa hatafuniki, na wengine walikuwa bado ndooni.

Wakati wa likizo, Huwaida humsaidia mama yake, Bi Mahfudha, mpishi wa nyumba ya wageni huko Ras Kitau. Kaka yake, Sadiq, huleta vyakula kwa boti. Wiki ile kulikuwa na mgeni mmoja, mwanamke wa kutoka ng'ambo, asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa. Alikuwa amewaeleza kwamba safarini hulala na njaa mara nyingi, kwa sababu wapishi humwambia chakula ni cha mboga kumbe sivyo. Sadiq alimcheka jikoni, akasema hata punda wa Lamu hawachagui hivyo.

Adhuhuri mama alikwenda kuswali, akamwachia Huwaida mbaazi za nazi. Huwaida alizionja, akaziona zimepooza. Kando palikuwa na sufuria ya pweza aliyekwisha kuchemshwa. Akachota upawa mmoja wa maji yale mekundu, akatia. Mbaazi zikanoga. Mgeni alipouliza zimepikwa na nini, akajibu ni nazi na viungo tu.

Mgeni hakufika nusu ya sahani. Mdomoni alikuta kipande cha mkono wa pweza, kilichochotwa pamoja na maji yale. Akakimbilia nje, akatapika mchangani huku akilia.

Msimamizi, Bwana Hussam, alizikumbuka dhihaka za Sadiq. Hakuuliza. Alimfuata Sadiq jikoni, akamkaba ukosi, akamzaba kofi, akambamiza ukutani. Sadiq aliapa hajui lolote. Akapigwa ngumi ya uso, damu ikamchuruzika puani. Ndipo Sadiq akaokota mchi wa kinu, akauinua juu ya kichwa cha Hussam.

Huwaida aliona kwamba akinyamaza, mchi ule utashuka.

"Ni mimi," alisema. "Nimetia maji ya pweza. Kaka hajui kitu."

Mchi ulibaki hewani. Mama, aliyekuwa amefika mlangoni, aliutoa taratibu mkononi mwa mwanawe. Hussam alitazama vidole vyake vyenye damu, asijue pa kuviweka.

Mama hakumpiga Huwaida. Alimketisha.

"Ukienda nti za watu, mpishi akatia mafuta ya nguruwe kwenye wali wako, akakwambia ni wali mtupu, utamwitaje?"

"Mwongo."

"Na mafuta yakiwa kidogo?"

Huwaida aliutazama upawa uliokuwa kando ya sufuria.

"Msafiri hana jiko, mwanangu. Ana neno la mpishi tu. Na uongo wako umelipiwa na pua ya kaka yako." Akamgeukia Hussam. "Nawe Bwana Hussam, kuuliza kwanza kungekuchosha?"

Hussam akaomba radhi mbele ya wote. Sadiq aliitikia kwa kichwa, kitambaa puani, lakini mkono hakumpa.

Huwaida alimwendea mgeni, akaungama. Mgeni akasema atakula muhogo wa kuchemsha, ila aketi jikoni auone ukipikwa. Aliketi, akala.

Baadaye mama alitoa sufuria kuukuu, akasema hiyo itakuwa ya mgeni, isiguswe na samaki. Huwaida akaisugua kwa majivu mpaka mikono ikamuuma. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa kijijini Shela, upande wa pili wa maji, utando wa mafuta ulikuwa bado umeng'ang'ania ndani. Mama akamwambia ailoweke. Wataimaliza kesho, kabla ya kuwasha moto.