Nani Anachukua Oili ya Pikapu?

Kila kulipokucha pale Bukima, Dafroza alipanga sangara wa moshi kwenye matenga. Mumewe, Wenceslaus, ndiye aliyewavua. Shemeji yake, Mseti, aliwapeleka sokoni Bunda kwa pikapu yao kuukuu. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyokula.

Miaka ile oili ilipatikana kwa kujuana. Mwenye kopo la oili alilificha uvunguni. Basi oili ya pikapu ilipoanza kupungua, Dafroza hakuuliza inakwenda wapi. Aliuliza anayo nani. Alichungulia chini ya gari. Mchanga ulikuwa mkavu, hakuna hata tone.

"Shemeji, oili imeshuka tena."

"Nimeona. Labda injini inakula."

"Injini ina mdomo? Mdomo ninaoujua mimi ni wa mtu."

Mseti alifunga boneti, akaenda kupakia matenga. Dafroza akaona kuondoka huko ni kukiri. Asubuhi akayasema hayo mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, mbele ya wachuuzi. Mumewe naye akayasikia.

"Ikipungua tena, Mseti arudi Suguti akalime," alisema Wenceslaus. "Gari nitampa mwingine."

Siku ya soko Dafroza alipanda mwenyewe. Oili ilipimwa akiona. Njia nzima hakumwondolea Mseti macho. Mseti aliposhuka kwenda kichakani, Dafroza naye alishuka, akasimama mbele ya boneti kama askari wa zamu. Walipofika Bunda wakapima tena. Imeshuka!

"Shemeji, una dawa gani wewe?"

"Twende kwa fundi," alisema Mseti kwa hasira. "Oili isipoonekana inakokwenda, naondoka leo leo."

Fundi alikuwa Muharami, mtu wa maneno mengi. Dafroza alimkagua toka kofia hadi ndala.

"Nyie wawili mmepangana?"

"Mama, boneti sijagusa, tayari nimekuwa mwizi?" Muharami alicheka. "Mkiwa njiani, mnasikiaga harufu ya kuungua?"

"Hao ni sangara wa moshi."

"Sangara wako nyuma. Hii harufu inatoka mbele."

Waliacha injini ipoe. Muharami akaifuta kwa kitambaa mpaka ikakauka. Kisha akaomba konzi ya unga wa muhogo kwa mama lishe wa jirani.

"Unataka kusonga ugali?" aliuliza Dafroza.

"Nataka oili ijitaje yenyewe."

Aliupaka unga kuzunguka ukingo wa kifuniko cha juu ya injini. Mseti akawasha gari. "Mikono mbali na feni!" alionya fundi. Wakangoja injini ipate moto. Polepole mstari mweusi ukajichora kwenye unga mweupe, ukashuka hadi bomba la moshi. Pale ukafuka moshi mwembamba.

"Zima! Mwizi wako huyo, mama. Gari ikisimama, oili haivuji, ndiyo maana mchanga wenu mkavu. Ikitembea inachuruzika, inaungulia hapa."

Dafroza alimtazama Mseti. Mseti alitazama pembeni.

"Sasa utasema injini ifunguliwe yote, utunyonye," alisema Dafroza, sauti imeshuka.

"Hapana. Tunaanza na dogo."

Injini ilipopoa tena, Muharami alijaribu boliti za kifuniko. Zilikuwa zimelegea. Alipokifungua, gasketi, ile karatasi ya kuzuia oili, ilikuwa imekauka na kupasuka. Akakata nyingine kwa karatasi nene ya boksi, akaipaka oili kidogo.

"Hii itawasogeza mpaka mpate ya dukani."

Alikaza boliti kidogo kidogo, huku na huku. "Ukikaza kwa nguvu, kifuniko kinapinda, kinavuja zaidi." Akapaka unga tena, gari ikawashwa. Unga ukabaki mweupe.

Muharami alitaka sangara mmoja tu. "Pimeni asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa mahali tambarare. Toa stiki ya kupimia oili, ifute, irudishe, itoe tena. Hapo ndipo uisome."

Safari iliyofuata oili haikushuka. Dafroza akamwambia mumewe, "Mseti hakuiba. Mimi nilimsingizia."

"Umemwambia kaka," alisema Mseti. "Na waliosikia mwaloni?"

Asubuhi Dafroza alisimama mwaloni. Alisema yote kwa sauti.

"Tulishangaa sisi!" alijibu mchuuzi mmoja. "Kijana hata ndala hana, angekuwa anauza oili?"

Watu wakacheka. Mseti naye akacheka, akapakia matenga. Alipokaa kwenye usukani aliuliza:

"Shemeji, hupandi leo?"

"Nikatafute nini? Nenda, jua linapanda."

Mseti akawasha gari, akaondoka peke yake.