Mkalimani wa Jino la Idman

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ardo alifagia ua, akaosha vyombo na kukamua mbuzi. Wiki ile alifanya yote peke yake. Mdogo wake Idman aliumwa na jino, basi nyumba nzima pale Garissa ikawa yake! Maziwa ya ngamia, ya Idman. Mto laini, wa Idman. "Pole, moyo wangu," mama alimwambia kutwa. Ardo hakupewa pole na mtu, na wivu ukamkaba.

Mama yao, Batula, alijua Kisomali tu, Kiswahili hakujua. Kwenye kliniki ya meno, Ardo wa darasa la sita ndiye aliyemfasiria.

"Jino limeoza hadi ndani, lakini sitaling'oa," alisema daktari Mwikali. "Nimetoa nyama iliyooza mizizini, nikasafisha na kutia dawa. Juu nimeziba kwa muda tu. Maumivu yataisha, ila msidanganyike. Mrudi wiki ijayo niijaze mizizi na kuliziba kabisa, la sivyo vijidudu vitaingia tena."

Idman alikuwa ameshatoka nje. Ardo alifasiri mpaka pale pa kutia dawa, yaliyobaki akayaacha. Wiki ijayo tena? Yeye aachiwe kazi, mwenzake abembelezwe?

"Amesema amemaliza," alimwambia mama.

"Alhamdulillahi!"

Idman akacheza na kucheka kama kawaida. Siku ya kurudi ikapita, kisha asubuhi moja Idman akaamka shavu limevimba, homa imempanda. Alimshika Ardo mkono, asiuachie. Maskini Ardo! Wivu wote ulimtoka, hofu ikamwingia.

Kule kliniki, daktari alikunja uso. "Niliwaambia mrudi. Muulize mama kwa nini hamkuja. Sasa sijui kama jino hili litapona."

Ardo angeweza kusema lolote, nani angejua? Mama alimtazama, akingoja.

"Hooyo, mama yangu," alisema akilia, "daktari alitaka turudi. Mimi ndiye niliyeficha. Nilimwonea Idman wivu." Kisha akayarudia kwa Kiswahili, daktari asikie.

Daktari alilifungua jino, usaha ukatoka, akasafisha upya. Safari hii walirudi siku waliyoambiwa. Mizizi ikajazwa, jino likapona.

Jioni ya siku hiyo mama alimketisha Ardo karibu, akammiminia maziwa ya ngamia. "Ulipochoka ungeniambia, mwanangu. Mbele ya daktari wewe ndiwe sikio langu. Ukinificha neno, mgonjwa ndiye anayeumia. Na maumivu kwisha si ugonjwa kwisha. Haya, niambie alichosema leo. Chote."

Ardo akamwambia chote, hata lile la yeye mwenyewe kupiga mswaki kila usiku.