Mgongo wa Gyumin

"Usinishike, Narae."

Gyumin aliniambia hivyo mbele ya chungu cha mchuzi, asubuhi, watu wote wakisikia. Wiki iliyopita mkono huohuo ndio uliokuwa ukitafuta vidole vyangu chini ya meza.

"Una nini?"

"Mafua."

Mafua gani yasiyo na chafya wala kamasi? Alijipakulia bakuli lake akaenda kula kwenye kona, yeye na ami yake. Kwetu watu huchovya vijiko katika chungu kimoja, na anayejitenga na chungu ana lake jambo. Mimi si mwepesi wa kuamini, na miezi minane ya kuishi na wafu wanaotembea barabarani haikunipunguzia hulka hiyo.

Tulikuwa watu kumi na tisa tuliojifungia katika nyumba ya kuogea ya Bibi Malsun, pembeni mwa mji wa Jecheon. Ina kuta nene, kisima, na sakafu inayopashwa moto kwa kuni. Jino la mfu likikupata, unabaki mtu kwa siku tano, kisha unageuka na kuwararua uliokuwa ukilala nao. Ndiyo maana Bibi alikuwa na sheria moja asiyoipindisha. Kila siku kila mtu anaoga, na kila mtu ana mwenzake wa kumsugua mgongo, watoto na mama zao, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Mkitoka mnapita mbele ya Bibi, na kila mmoja anasema juu ya mwenzake neno moja tu: "Safi." Asiye na wa kumsemea hana pa kulala. Mimi nilisuguana na Bibi mwenyewe. Gyumin alisuguana na ami yake, Taeksu, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

Wawili hao ndio waliokwenda mjini kutafuta mchele wa mwaka mpya. Walirudi na nusu gunia, na tangu siku hiyo Gyumin akawa mtu mwingine. Hakai karibu nami, halali, anashinda ameegemea ukuta na shati limefungwa mpaka kidevuni, na humu ndani joto ni la kuivisha mayai. Leo ilikuwa siku ya nne.

Mchana mtandao ulirudi kwa dakika chache, kama ulivyokuwa ukifanya ukijisikia. Nikamwandikia nikiwa upande wa wanawake:

"Nitumie picha ya mgongo wako."

Akasoma. Kisha akajibu:

"Kwani wewe ndiye Bibi Malsun?"

"Sijauliza maswali, nimeomba mgongo."

"Kesho mchana nitakwambia kila kitu. Nakuomba siku moja tu, Narae."

Kesho ilikuwa siku ya tano. Ilikuwa pia mwaka mpya, siku ambayo kwetu kila mtu hukua mwaka mmoja kwa kunywa bakuli la supu ya vipande vya mchele uliopondwa. Mimi na Gyumin tungekunywa supu ya utu uzima, tuanze kushika zamu ya lango kama wakubwa. Nilikaa na simu mkononi. Nilimpenda, sitasema uongo. Nilimpenda kiasi cha kutaka kunyamaza, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu ningenyamaza juu ya roho za watu kumi na wanane.

Nikaenda kwa Bibi na maneno matamu. Nikamwambia kesho ni sikukuu na leo ni siku ya kuoga kwa kujitakasa, kwa hiyo ingependeza watu wabadilishane wenza, wasuguliwe na mikono mipya. Bibi alinitazama juu ya miwani.

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu, Bibi."

"Hujui kudanganya, mjukuu wangu. Lakini wazo lako ni zuri."

Alipotangaza, Gyumin alipauka kama karatasi. Ami Taeksu akacheka, akasema mtoto wake ana haya nyingi, atamsugua mwenyewe kama kawaida. Bibi akasema hata yeye Taeksu atasuguliwa na mwingine. Kicheko kikakatika. Na mimi, kwa ujinga wangu, macho yote nilikuwa nimeyakaza kwa Gyumin.

Akanivuta mpaka chumba cha chumvi, tulikokuwa tumehifadhi mitungi ya kabichi.

"Ni wewe uliyempa Bibi wazo hilo. Kalifute."

"Vua shati."

"Narae, tafadhali."

"Vua, au nawaita watu. Nimeshakulilia tangu juzi, Gyumin, machozi yamekwisha."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, akavua, akageuka. Nikamkagua shingo, mabega, kwapa, kiuno, kila mahali. Ngozi ilikuwa nyekundu kwa kusuguliwa, haina nongo hata chembe, haina alama ya jino. Nikakaa chini nikacheka, kisha nikalia. Nikamwambia anisamehe, mimi ni mbwa, nimemdhania mabaya mtu ninayempenda.

Alikuwa bado anautazama mlango, na shati bado liko mkononi.

Hapo ndipo akili yangu ikafanya kazi. Mtu anayesuguliwa mgongo kila siku, naye kuna mgongo anaousugua.

"Gyumin, umeona nini kwa ami yako?"

Alijiinamia.

"Chini ya bega la kushoto. Jino lile lilikuwa langu, Narae. Yule mfu alinijia mimi, ami akajiingiza katikati."

"Na siku nne umesimama mbele ya Bibi ukisema safi."

"Aliniomba mpaka kesho asubuhi. Anataka anipe supu yangu ya utu uzima kwa mkono wake, kisha atoke mwenyewe. Silali, namlinda. Ndiyo maana nilikukataza kunishika. Sikutaka uwe karibu nasi."

"Na ungesinzia dakika moja?"

Nilimhurumia, na nilitaka kumpiga. Nilimwona mtoto mdogo anayemshika mlezi wake nguo asiondoke, na tulikuwa tumelala watu kumi na saba kando ya nguo hiyo bila kuambiwa.

"Utasema wewe au niseme mimi?"

Alivaa shati taratibu, akafunga kifungo kimoja kimoja.

"Nitasema mimi."

Akasema, ukumbini, amesimama wima mbele ya watu wote. Kina mama wakavuta watoto nyuma. Ami Taeksu hakukana. Alimtazama Gyumin, akasema, "Umekuwa mtu mzima kabla ya supu." Bibi akaamuru mwaka mpya uletwe leo. Tukapika haraka. Ami Taeksu akasukuma bakuli kwa fimbo ndefu, wasigusane. Gyumin akanywa yote, akamsujudia ami yake kama ilivyo desturi, paji la uso likagusa sakafu, akapokea baraka. Kisha akaliendea lango na kulifungua kwa mikono yake. Ami alitoka bila kugeuka. Gyumin ndiye aliyelifunga, na wakati wote ule hakulia. Alilia baadaye, kwa sauti, kama ng'ombe.

Wanaume wakasema waziwazi kwamba hawatasuguana na mtu aliyewadanganya siku nne. Mmoja mmoja aliulizwa, mmoja mmoja akakataa. Bibi akavua miwani.

"Sheria unaijua, Gyumin. Asiye na mwenzake hana pa kulala."

"Naijua, Bibi," akasema, akaanza kukunja blanketi lake.

"Nitamsugua mimi," nikasema.

Bibi akaniambia nisilete mchezo, kwamba mwanamke haingii kuoga na mwanamume isipokuwa ni mkewe.

"Najua, Bibi."

"Unajua unachosema?"

"Supu imebaki. Nipe na mimi bakuli langu, nikue, halafu utuozeshe."

Gyumin aliacha kukunja blanketi.

"Narae, usiniokoe kwa huruma."

"Huruma nimempa ami yako. Wewe nakutaka."

Bibi alinipakulia supu mwenyewe, akasema yeye atapata mwingine wa kumsugua. Nikainywa nimesimama, tukainamiana mara mbili mbele ya watu kama maharusi wa kwetu, na kina mama, hata waliokuwa wamekasirika, wakatuimbia. Tukapewa chumba kidogo cha kuogea, kile ambacho zamani familia zilikodi. Mvuke ulikuwa mwingi, dirishani jua lilikuwa bado juu. Gyumin alikaa kwenye kigoda, akanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu arudi mjini.

"Umeolewa nami. Sasa unaniamini?"

Nililowesha dodoki.

"Bado. Geuka."