Nyota za Seifu

"Nimesema naondoka, Afande. Funguo za fremu namwachia shemeji."

"Huendi popote, dada Nasma. Mlinzi wako ameuawa."

"Ndiyo maana naondoka. Unataka na mimi nifie hapa Kariakoo?"

Inspekta Blandina alizisogeza funguo katikati ya meza. Chini yao, fremu yake ya kuuzia vitenge ilikuwa bado inanuka moshi. Moto uliishia stoo, alikokutwa Twaha, mlinzi, amefia mlangoni.

Simu ya Nasma ikatetema. Meseji ya vitisho tena, kutoka laini ileile ngeni:

Ondoka *leo * kabla hujaungua.

Nasma akaiangusha simu. Shemeji yake, Seifu, akaingia na chupa ya chai.

"Mwache aende, Afande. Mjane wa watu huyu."

Blandina aliiokota simu, akazikazia macho zile nyota. Wauzaji hufunga neno kwa nyota mbili ili likolee kwenye kundi la simu. Huyu aliacha nafasi kabla ya nyota ya pili. Vidole vina mazoea.

"Mna kundi la wapangaji wa jengo?"

"Tunatangaza humo kila siku, hata wauzaji wa barabarani," Nasma alisema.

Blandina akahamishia mazungumzo yote kwenye kompyuta yake, akaandika ruwaza ya kutafutia: nafasi, nyota, nafasi. Skrini nzima ikawaka njano, kila pengo kati ya maneno ya kila mpangaji.

Nasma akajishika shingo. "Wote wananitaka nife?"

"Nimekosea mimi. Humu nyota ni amri ya kurudia kilichotangulia, ndiyo maana imeshika kila nafasi. Mpaka uitangulizie alama ya mkwaju uliolalia nyuma, ndipo itafutwe kama nyota."

Akaongeza mkwaju. Njano ikafutika, ikabaki kwa mtu mmoja.

Mashati *mapya * yameingia. Viatu *imara * vipo.

Blandina akainua macho. Mtu huyo alikuwa amesimama kati yao na mlango. Taratibu, akaipigia ile laini ngeni.

Mfuko wa Seifu ukatetema.

"Weka chupa chini, Seifu. Kaa."

Seifu akakaa, jasho likimtiririka. "Sikujua Twaha analala ndani. Nilitaka kumtisha tu huyu aondoke."

"Kwa nini?"

"Fremu ya kaka yangu. Mimi nauzia barabarani, juani, halafu aachiwe mwanamke?"

"Ulibeba jeneza la Twaha," Nasma alisema polepole. "Ukaja kunipa pole."

Seifu akanyoosha mikono. Blandina akamfunga pingu.

Nasma akazitazama funguo pale mezani. Akazichukua, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Mara wakasikia mlango wa chuma wa fremu ukipandishwa mpaka juu.