Sauti Ambayo Jemima Hakuiitikia

Harufu ya kakao inayochacha ilimkuta Jemima chumbani kwake mtaa wa Mususa, hapa Butembo kwenye baridi, ambako hakuna anayelima kakao. Akafunga dirisha. Harufu ikabaki naye ndani.

Mama Hulda, mkubwa wa kikundi cha wajane kanisani, alikuwa amempa kaye, daftari la kuandikia. Kila mjane aliandika yaliyompata, kidogo kidogo, ili moyo upone. Wenzake walilia, wakaandika, wakaanza kupata usingizi. Jemima alijaza kurasa kumi za kukimbia Eringeti, kwenye mashamba ya kakao, wauaji walipovamia, lakini kila alipofika kwenye kifo cha mume wake, Maliro, aliruka.

"Umeruka tena," Mama Hulda akamwambia. "Mwanangu, andika tu vile ilikuwa."

"Mama, ile siku sikuonaka kitu."

Uongo mtupu! Mficha maradhi, kilio humfichua.

Saa kumi ya jioni, kalamu ya biki mkononi, akasikia sauti nyuma ya nyumba: "Jemima!"

Hakuitika. Kwao mtoto hufundishwa mapema: sauti ya mtu usiyemwona usiiitikie, ni ya mzimu, itakubeba. Kesho yake ikaita karibu zaidi, na siku ya tatu ikaita chini ya dirisha, na harufu ile ikamjaa kooni, na nje akasikia majani makavu yakikanyagwa na mtu aliyechoka kutafuta, akajua, maskini ya Mungu, kwamba sauti hii aliwahi kuinyamazia.

Akakimbilia kwa Mama Hulda.

"Mama, Maliro iko ananiita," akanong'ona. "Ile siku pia aliniitaka. Nilijificha ndani ya kakao, nikasema ni muzimu, nikanyamaza. Kumbe ni yeye, muzima, ananitafuta! Akaita, akaita, mpaka bauaji bakafuata sauti yake."

Mama Hulda akamshika mikono, naye akalia.

"Enda uandike hiyo yote. Halafu umuitike."

"Na akinibeba?"

"Ni bwana yako, Jemima."

Akaandika, machozi yakilowesha karatasi. Sauti ilipoita, akafumba macho.

"Maliro, niko hapa! Unisamehe!"

Nyayo zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Harufu ikaondoka.

Kesho yake, saa kumi, akakaa tena na kaye. Kimya. Akangoja mpaka mwanga ukaisha, moyo ukimuuma kuliko siku zote za woga. Mwishowe akatoka nyuma ya nyumba, akaita yeye.

"Maliro!"

Hakuna aliyeitika.